Jinsi nilivyowavuta wakufunzi wenzangu kwenye utafiti

Mkufunzi mwenye vipindi 24 kwa wiki hakosi hamu ya utafiti, anakosa saa. Ndiyo maana nilipopewa kuratibu utafiti katika chuo kimoja cha ufundi hapa Nairobi, nilianzia kwa mpanga ratiba, warsha nikaziacha. Niliomba walimu wanne wasiwe na kipindi Jumatano, saa nane hadi saa kumi. Wanne wanatosha. Wakiwa kumi, watatu hufanya kazi na saba hunywa chai.

Kisha swali. Mwalimu akiachwa achague peke yake, atakuletea "Changamoto za elimu ya ufundi nchini Kenya", mada isiyo na mwisho. Mimi huuliza: ni nini kinachokukera kila wiki karakanani? Wa uchomeleaji alijibu kwamba vijiti vya weldi humwishia kabla ya muhula kwisha. Swali hilo hapo! Tukaweka mkebe kwenye kila meza. Mwanafunzi akimaliza kijiti, kipande kinachobaki kinaingia humo. Mwisho wa kipindi vyote hupimwa kwa rula, na kando ya urefu huandikwa namba ya mashine, amperi na mkao wa kuchomelea. Kijiti cha sentimita 35 kikibakia 5, sawa. Kikibakia 12, zaidi ya theluthi imetupwa. Hata asiyewahi kufungua jarida la kitaaluma hulisoma jedwali hilo bila kufafanuliwa.

Wengi hukwama kwenye vibali, na hukwama kwa kuchelewa. Ukitaka kuwahoji wanafunzi, tanguliza idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayoombwa mtandaoni na kudumu mwaka mmoja. Usikusanye kwanza ukaomba baadaye: kamati hupitia mpango, haibariki yaliyokwisha kutendeka. Sisi hupeleka maombi wiki ya kwanza ya muhula, maana mitihani ikianza hakuna anayejibu simu.

Hojaji isizidi ukurasa mmoja. Ijaribu kwa wanafunzi 10 ambao hawatakuwa kwenye utafiti wenyewe. "Vifaa vinatosha na ni vizuri?" ni maswali mawili, anayejibu "ndiyo" hujui amekubali lipi.

Mpangilio wa majina ya waandishi uandikwe na kutiwa saini siku ya kwanza, kabla andiko halijanukia. Urafiki wa chumba cha walimu huvunjikia hapo kuliko kwenye takwimu. Na barua pepe inayoahidi kuchapisha makala kwa siku tano ukilipa dola, ifute. Tafuta jarida kwanza kwenye AJOL au DOAJ, orodha za mtandaoni za majarida ya kitaaluma, fungua makala zake mbili tatu, uone kama zina kichwa na miguu.

Matumizi ya awali yalikuwa mikebe, rula na rimu moja ya karatasi. Mwalimu wa mapishi ameshaomba rula yake. Anataka kupima unene wa maganda ya viazi.