Siku bibi alipomchezesha mchawi wangu

Hii ni ya Desemba 2017, Igoma, Mwanza, sebuleni kwa mama, umeme umekatika tangu saa kumi na moja jioni na sisi watu wanne tumekaa kwenye mkeka tumezunguka taa ya chaji na kofia yenye vizibo vya soda 20. Nikisema vizibo vinafanya nini kwenye kofia itabidi nirudi nyuma kidogo, mnivumilie.

Kuna gemu la Wamarekani linaitwa Dungeons & Dragons, lilitoka 1974, walilitunga Gary Gygax na Dave Arneson. Ni mdomo tu. Mmoja anakuwa msimulizi, anasema mpo porini, mbele kuna mto umefurika, mnafanyaje, na nyie wengine kila mtu ana mtu wake anayemwigiza anajibu kama yule mtu, pale ambapo haijulikani jambo litawezekana au la mnarusha dadu la pande 20. Binamu yangu alitoka nalo chuo kwenye simu. Dadu la pande 20 tulilitafuta mjini wee hadi tukachoka, tukaishia kuandika namba kwa maka peni ndani ya vizibo, unachomoa kimoja bila kuchungulia. Mpaka leo naona ni tamu kuliko dadu, vile vizibo vinavyolia.

Kilichotushinda ni ile dunia ya kwenye kitabu. Theluji, majumba ya mawe, wazee wa masikio marefu. Mara ya pili tu tunacheza, jirani yetu anayechajisha watu simu akauliza hivi huyu jamaa anayetembea kavaa chuma mwili mzima akibanwa na haja porini anafanyaje, tulicheka hadi mama akaja kuangalia kuna nini. Nikasema basi, natengeneza ya kwetu.

Aisee nilijifungia. Ramani nilichora ziwa letu Victoria lilivyo, visiwa vya Ukerewe, Ukara na Saanane, ule mwamba wa Bismarck wa pale Mwanza nikaufanya mlinzi aliyelala anasubiri kuamshwa na jina la Mjerumani nikalitupa, mwenyewe hata hajawahi kukanyaga huku. Speke naye, yule mpelelezi wa Kiingereza, alifika 1858 akalipachika ziwa jina la malkia wake, kwenye ramani yangu likawa Nyanza tu. Halafu nikasoma kwamba hili ziwa pamoja na ukubwa wote ule kina chake hakizidi sana mita 80, na kwamba miaka kama elfu 15 iliyopita lilikauka. Lilikauka! Yaani pale meli zinapopita palikuwa nchi kavu. Usiku ule sikulala, nikaweka vijiji chini ya maji na njia za kuviingilia.

Ila utamu wenyewe niliupata Bujora, kule makumbusho ya Wasukuma Kisesa, nauli ya daladala tu. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, zimetokana na mabingwa wawili wa zamani Ngika na Gumha, na wakishindana hakuna jaji wa kukaa mezani na karatasi, zinapigwa ngoma mbili uwanjani, watu wanakimbilia kule kunakonoga, mwenye umati mkubwa ndo kashinda. Na dawa za kuvuta watu zinatumika waziwazi. Sasa niambie wewe, hiyo si sheria ya gemu tayari? Nilichofanya ni kuichukua ilivyo. Kwenye dunia yangu pande mbili zikigombana hawakatani, wanacheza, katikati kuna watu 20 na kila kizibo kinawasogeza huku au kule, mmoja akaja na chatu kama kikundi cha ngoma cha Bayeye, mwingine na nungunungu kama kile cha Bununguli. Ng'wanamalundi nilimweka pia, yule ambaye wazee wanasema akinyoosha kidole mti unakauka, matokeo yake meza nzima ikakatazwa kunyoosheana vidole, ukisahau unapoteza zamu.

Na mwisho kabisa wa safari nilimweka Shing'weng'we, dude la kwenye hadithi za bibi lililomeza dunia nzima akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, Masala akaja kuliua dude na kulipasua tumbo watu wote wakatoka wazima. Kwenye hadithi ya bibi kuna kipande kingine, kwamba wakati anapasua kisu kilimkata sikio kikongwe aliyekuwa humo tumboni, akatoka analalamika na kumtukana huku wenzake wanashangilia. Hicho nilikiruka. Niliona hakina kazi kwenye gemu.

Sasa turudi kwenye mkeka. Bibi mwenyewe alikuwepo siku hiyo, ametoka kijijini upande wa Magu kuja kutibiwa macho, amekaa pembeni kwenye kigoda anachambua dagaa kwa kupapasa. Kule kwao kuni ni shida, miaka yote amepikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, ule moshi umemla macho yamekuwa mekundu kama nyanya.

Na mimi msomi, mtunzi wa dunia, usiku huo nilikuwa nimeandaa nini? Kijiji kinalia kina mchawi, kikongwe anaishi peke yake pembeni ya mbuga, dalili yake macho mekundu, atakayemmaliza pointi 50. Nilivyoandika sikuona kitu. Naapa. Nilichukua tu kama nilivyochukua chatu na nungunungu, kwamba hiki nacho ni cha kwetu.

Wakafika mlangoni kwake. Mdogo wangu, wa form two kipindi hicho, akasema namkata panga, akaingiza mkono kwenye kofia.

"Huyo bibi amefanya nini?" Sauti ya bibi, wala hajaacha dagaa.

Nikamjibu ni mchawi bibi, ni mchezo tu.

"Nani kasema?"

"Kijiji."

"Na shamba lake linapakana na nani?"

Mkono wa dogo uko ndani ya kofia haujatoka. Jirani anaangalia taa. Usukumani hayo mambo si hadithi, vikongwe wameuawa kweli kwa kisa cha macho, na mara nyingi ukifuatilia unakuta shamba au urithi. Mimi nilikuwa nayajua hayo. Ndo kinachoniuma, nilikuwa nayajua kutoka redioni.

Bibi akasema kulikuwa na mwenzake walikuwa wanasaidiana kuchuma pamba, macho yao yalikuwa yanafanana, watu walikuwa wanawaita mapacha. Akanyamaza hapo, hakumalizia na hakuna aliyemuuliza. Halafu akauliza, "Na yeye huyo bibi hachomoi vizibo?"

Nikasema hapana, namchomolea mimi.

"Lete."

Nikampelekea kofia. Akachomoa, akakigeuza karibu na taa, hakioni, akampa dogo amsomee. Kumi na tisa. Nikamwambia bibi hiyo ni kubwa sana, unaweza kufanya chochote unachotaka, ukiamua hata kuwageuza fisi wote wanageuka.

Akafikiri kidogo. "Nawauliza kwanza, mnaingia kwa mtu na mapanga hata salamu ya mwadila hamsemi?"

Binamu yangu, mtu mzima na ndevu zake, akasema mwadila bibi. Sijui kama alikuwa anaigiza. Jirani naye akaamkia. Dogo wa mwisho, kimya kimya.

"Mmetoka mbali. Mmekula?"

Hakuna kwenye kile kitabu cha sheria panapokwambia ufanye nini hapo. Jirani ndo akatuokoa, akasema mtu wangu anaweka panga nje anakaa. Bibi akasema haya, upo ugali wa muhogo na dagaa, ila mnawe. Na kwa kuwa dagaa wenyewe walikuwa mapajani kwake tukajikuta gemu limeishia jikoni.

Pointi 50 nilizikata kwa peni usiku huohuo. Kilichofuata sikukitunga mimi, wao wenyewe wiki iliyofuata walirudi kile kijiji wakakaa masaa matatu wanauliza nyumba kwa nyumba nani analitaka lile shamba, hadi nikaanza kubuni majirani papo hapo.

Shing'weng'we walimfikia mwezi wa pili, bibi ameshapata dawa za macho na kurudi zake kijijini. Binamu akachomoa 20, dude likaanguka, akasema napasua tumbo. Dogo akamshika mkono.

"Pasua taratibu bana," akasema, "kuna bibi humo."