Siku moja maishani mwangu: kupima msuguano wa utando chini ya taa ya urujuanimno

Saa 2 asubuhi. Nataka kujua kama mwanga wa urujuanimno hubadilisha msuguano wa utando mwembamba wa titani dioksidi. Nawasha kwanza taa ya urujuanimno ya nanomita 365 (urefu wa wimbi la mwanga wake), kwa sababu inataka kama dakika 20 mwanga wake utulie. Ikiendelea kupata moto nasoma kipima unyevu. Ndani ya kisanduku cha kupimia nataka asilimia 40 hadi 50. Huku mwambao asubuhi unyevu mara nyingi hupita asilimia 80, kwa hiyo napitisha hewa kavu mpaka ushuke.

Saa 3. Naosha sampuli: vipande vya kwatzi vyenye utando wa titani dioksidi, unene kama nanomita 100, vilivyochomwa kwa nyuzijoto 450 ili utando uwe anatasi, mojawapo ya maumbo ya fuwele ya titani dioksidi. Kioo cha dirisha kinaponza kazi, maana wakati wa kuchoma sodiamu yake hupanda na kuudhoofisha utando. Asetoni dakika 10, ethanoli dakika 10, kisha kukausha kwa naitrojeni. Kipande nakishika pembeni kwa kibano. Hata glavu huacha mafuta.

Saa 4. Kipimo cha gizani, kabla ya mwanga. Naburuta juu ya utando gololi ya chuma ya milimita 6, mzigo wa nyutoni 0.5, mwendo wa milimita 1 kwa sekunde, njia ya milimita 5. Nguvu inayozuia mwendo naigawa kwa mzigo, napata kipimo cha msuguano. Kwa kila njia mpya naizungusha gololi iguse kwa upande safi. Vumbi la utando likishaganda kwenye chuma, unapima vumbi. Pembeni naweka tone la maji la mikrolita 2 na kulipiga picha, nione linavyosimama au kutandaa juu ya uso.

Saa 5 hadi saa 7 mchana, mwanga. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Taa haitoi mwanga peke yake, inatoa na joto, na joto hukausha uso. Kwa hiyo sampuli ya pili inakaa chini ya taa ileile ikiwa imefunikwa foili, feni inapuliza, na waya wa kupimia joto umegusa zote mbili. Msuguano ukibadilika kwenye zote, mwanga hauhusiki. Miwani ya kuzuia urujuanimno haivuliwi.

Saa 7 na dakika chache napima upesi, kabla mafuta ya hewani hayajarudi kutua. Tone lililokuwa limesimama sasa limetandaa, pembe kati ya ukingo wake na uso iko chini ya nyuzi 10. Mwanga umechoma uchafu wa kikaboni na kuufanya uso upende maji. Uchafu ule ulikuwa kilainishi, kwa hiyo ukiondoka kwenye hewa kavu msuguano hupanda. Unyevu ukizidi, maji hujikusanya kwenye mguso: kwenye ncha ndogo sana, kama ya hadubini ya msuguano (inayoburuta ncha juu ya uso), huvuta na kuongeza msuguano, kwenye gololi kubwa yanaweza kulainisha. Namba isiyoandikiwa unyevu haina maana kwangu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani, mwanakemia Akira Fujishima akiwemo, walitumia hadubini hiyo juu ya fuwele ya rutili, umbo jingine la titani dioksidi, na kuona, baada ya mwanga, madoa ya nanomita 30 hadi 80 yenye msuguano tofauti na jirani zao.

Saa 10 jioni sampuli zinaingia gizani kwenye chombo safi, zipimwe tena baada ya siku kadhaa. Msuguano ukirudi ulikokuwa, yalikuwa mabadiliko ya uso. Usiporudi, naangalia njia ya gololi kwa hadubini: huenda utando umechubuka.