Siku Tuliyofungua Namba 2267

Tarehe 2 Agosti 2018 Vatikano ilitoa andiko fupi sana: aya moja mpya ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu rasmi cha mafundisho yake, namba 2267, kuhusu adhabu ya kifo. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na semina ya makatekista, na mada iliyopangwa ilikuwa sakramenti ya kipaimara. Hatukuigusa. Watu waliingia ukumbini habari hiyo ikiwa mkononi, kwenye simu zao, na kabla hata ya sala ya ufunguzi ukumbi ulikuwa umeshagawanyika. Upande mmoja walisema Papa amebadilisha imani. Wa pili wakajibu kwamba Papa akishasema imekwisha, kwa sababu hawezi kukosea.

Pande zote mbili zilisimama juu ya dhana moja: kwamba kila neno linalotoka kwa Baba Mtakatifu lina uzito uleule. Dhana hiyo ndiyo tuliyoifanyia kazi siku nzima.

Tulianza kwa kusoma. Katekisimu ya mwaka 1992 ilikubali adhabu ya kifo katika makosa mazito kupita kiasi. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II aliandika katika waraka wake *Evangelium Vitae*, namba 56, kwamba mazingira yanayolazimisha kumuua mhalifu yamekuwa adimu sana, kama bado yapo. Toleo rasmi la Kilatini la 1997 likarekebishwa kufuata maneno hayo. Kisha tukasoma aya ya 2018: Kanisa linafundisha, kwa mwanga wa Injili, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu isiyopaswa kuvunjwa, nalo Kanisa litafanya kazi ili ifutwe duniani kote. Sababu zimetajwa ndani ya aya yenyewe: hadhi ya mtu haipotei hata baada ya kosa kubwa kabisa, maana ya adhabu zinazotolewa na dola inaeleweka upya, na siku hizi ipo mifumo ya vifungo inayoweza kulinda raia bila kumnyima mhalifu nafasi ya kutubu.

Katekista mmoja mzee, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, nimewafundisha watoto miaka yote hii kwamba Papa hakosei. Je, nimewapotosha?"

"Hapana, mzee wangu," nikamjibu. "Ila sentensi hiyo haijakamilika."

Ili kuikamilisha tulirudi Roma, tarehe 18 Julai 1870, siku Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipopitisha hati ya *Pastor Aeternus* kuhusu mamlaka ya Papa. Masharti yaliyowekwa siku ile ni manne, na moja likikosekana hakuna tamko lisilokosea. Papa awe anatekeleza kazi yake ya mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, si kama mwanateolojia binafsi wala mtawala. Atumie mamlaka yake kuu ya kitume. Jambo lenyewe liwe la imani au maadili. Na alitamke kwa namna ya kulifunga kabisa, akidai Kanisa zima lilishike. Tamko la namna hiyo halirekebishiki kwa nguvu yake lenyewe, bila kusubiri kura ya maaskofu baada yake. Lakini hati hiyohiyo inasema jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa warithi wa Petro ili watoe fundisho jipya, bali walinde kitakatifu na kufafanua kwa uaminifu amana ya imani iliyopokewa kutoka kwa Mitume.

Kura za mtaguso ule zina funzo lake. Katika upigaji kura wa awali wa tarehe 13 Julai, maaskofu 451 walikubali, 88 walikataa, na 62 walikubali kwa masharti. Wengi wa waliokataa hawakuamini kwamba fundisho lenyewe ni uongo. Waliona wakati wake haujafika. Makumi kadhaa waliondoka Roma kabla ya kikao cha mwisho, wasilazimike kumpinga Papa Pius IX mbele ya macho yake. Siku ya kura rasmi waliokubali walikuwa 533, waliokataa wawili tu, na wawili hao walilipokea tamko papo hapo. Mtu anayedhani mafundisho ya Kanisa hushuka kutoka juu bila mabishano hajasoma kumbukumbu za mitaguso.

Baada ya 1870, tamko la aina hiyo limetolewa mara moja tu bila ubishi wowote: tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pius XII alipotangaza Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Kwa kawaida huhesabiwa pamoja na tamko la Pius IX la tarehe 8 Desemba 1854, kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili. Makatekista walishangaa kusikia jinsi matamko hayo yalivyoandaliwa. Pius IX aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima Februari 1849, akiwauliza wao na waamini wao wanaamini nini kuhusu jambo hilo. Wapatao 600 walijibu, na zaidi ya 500 waliunga mkono. Pius XII naye alifanya vivyo hivyo Mei 1946, miaka minne kabla ya kutamka. Papa hakuwa akiomba ruhusa. Alikuwa akichunguza kama imani hiyo kweli imo ndani ya Kanisa. Na alipotamka, hakuacha nafasi ya kubahatisha. Maneno ya 1950 ni ya mtu anayefunga mlango: tunatangaza, tunatamka na kufafanua kwamba ni dogma iliyofunuliwa na Mungu, yaani fundisho ambalo kila Mkatoliki lazima aliamini. Ukiona maneno hayo utajua. Usipoyaona, Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 749 ibara ya tatu, inakuzuia kudhani: hakuna fundisho litakalohesabiwa kuwa limetamkwa bila kukosea isipokuwa hilo liwe dhahiri.

Kijana mmoja akauliza: basi yaliyobaki yote ni maoni? Hapa ndipo semina ilipochelewa zaidi, na ilistahili, kwa sababu kosa hili ni baya kama lile la kwanza. Mafundisho mengi tunayoyakiri hayakuwahi kutamkwa na Papa peke yake. Mengine yalitamkwa na mitaguso mikuu, kuanzia Nisea mwaka 325. Mengine hayakuwahi kupigiwa kura popote, ila maaskofu waliotawanyika duniani, wakiwa na umoja kati yao na Papa, wamekuwa wakiyafundisha kwa kauli moja kwamba ni lazima yashikwe moja kwa moja. Hayo nayo hayana makosa. *Lumen Gentium*, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1964, inalieleza hilo katika namba 25. Mfano unaowachanganya watu ni barua ya Yohane Paulo II ya Mei 1994, kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja la upadre. Barua yenyewe haikuwa tamko la aina ya 1950. Lakini mwaka uliofuata Baraza la Kipapa la Mafundisho ya Imani lilieleza kwamba fundisho lililomo lilikuwa tayari limefundishwa bila kukosea kwa njia hiyo ya maaskofu wote. Anayeangalia barua peke yake atapima vibaya.

Ngazi inayofuata ndiyo pana kuliko zote: mafundisho rasmi ya Papa au maaskofu ambayo hayajafungwa kabisa. Kwa hayo kanuni ya 752 haidai tendo la imani, ila inadai utii wa kidini wa akili na utashi. Uzito wake husomwa kwa alama tatu zilizotajwa na *Lumen Gentium*: aina ya hati, fundisho limerudiwa mara ngapi, na lugha iliyotumika. Waraka kwa Kanisa lote una uzito kuliko hotuba ya Papa ya kila Jumatano. Jibu kwa mwandishi wa habari ndani ya ndege halibadilishi fundisho lolote.

Mwingine akauliza: je, Papa anaweza kukosea nje ya yale masharti manne? Ndiyo, na historia haifichi. Papa Yohane XXII, akiwa Avignon kati ya 1331 na 1332, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka hukumu ya mwisho. Wanateolojia walimpinga waziwazi. Aliliondoa wazo hilo kabla ya kufa Desemba 1334, na mrithi wake, Benedikto XII, akatamka kinyume chake mwaka 1336. Yalikuwa mahubiri, hayakuwa tamko. Aliyeuliza swali hili hakuvunjika moyo; alionekana kupumua.

Sasa tukarudi kwenye namba 2267 tukiwa na vipimo. Aina ya hati: uamuzi ulioidhinishwa na Papa Fransisko tarehe 11 Mei 2018 alipokutana na Luis Ladaria, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Mafundisho ya Imani, ukaanza kutumika siku ulipochapishwa katika *L'Osservatore Romano*, gazeti la Vatikano. Si tamko la dogma. Na fundisho haliongezeki uzito kwa sababu tu limeandikwa katika Katekisimu. Linabaki na ule lililokuwa nao. Limerudiwa? Ndiyo, mwelekeo wake unaonekana tangu 1995, na dola ya Vatikano ilishaifuta adhabu hiyo katika sheria zake mwaka 1969. Lugha: imechaguliwa kwa uangalifu. Inasema haikubaliki, haisemi kwamba tendo hilo ni ovu kwa asili yake nyakati zote.

Waliotaja Warumi 13, panaposema mtawala hauchukui upanga bure, na barua ya Papa Innocent III ya mwanzoni mwa karne ya 13, iliyokiri kwamba dola inaweza kutoa hukumu ya damu bila dhambi ya mauti, walikuwa na hoja ya kweli, na ni vibaya kuwanyamazisha. Barua iliyotumwa kwa maaskofu pamoja na aya hiyo inawajibu: haya ni makuzi ya fundisho yasiyopingana na ya zamani, kwa kuwa yale ya zamani yalijengwa juu ya wajibu wa dola kulinda manufaa ya wote, katika mazingira ambayo adhabu zilieleweka vingine. Mimi jibu hilo linaniridhisha kuhusu matumizi ya adhabu hii leo. Ila namna neno "haikubaliki" linavyoungana na maneno ya Innocent III bado inahitaji kazi ya wanateolojia, na hati ya *Donum Veritatis* ya 1990 inawapa njia: mwenye ugumu wa kweli aendelee kusoma, apeleke hoja zake kwa viongozi wa Kanisa, asigeuze vyombo vya habari kuwa jukwaa la kuwashinikiza.

Saa kumi jioni dada mmoja anayefundisha vijana aliuliza aseme nini darasani wiki ile. Tulikubaliana hivi: afundishe maandishi mapya, yote, pamoja na sababu zake tatu, aseme ni fundisho rasmi la Kanisa linalodai utii wetu, asiliite dogma, na kijana atakayeuliza kuhusu mapapa wa zamani asomewe ile barua kwa maaskofu badala ya kuambiwa aache kuuliza. Kipaimara tulikisogeza mwezi uliofuata.