Jazz ya Skandinavia na mtoto wa Mkongo

Siku hizi bando langu lote linaishia kwenye jazz ya Skandinavia, yaani Norwe, Uswidi na Denmark, najua inashangaza. Nilikuwa natafuta rumba za zamani, YouTube ikanirushia bendi ya Norwe inaitwa Jaga Jazzist, jukwaa limejaa watu, huyu kaacha ala moja kashika nyingine, kuna dada kakumbatia tuba, lile dude kubwa la kupuliza lenye sauti nzito, nikasema ngoja nione hawa wanaelekea wapi. Kumbe wameanza 1994 kwenye mji wa Tønsberg, na mtunzi wao mkuu Lars Horntveth alikuwa na miaka 14 tu! Yule wa tuba ni dada yake, anayepiga dramu ni kaka yake. Nyimbo zao zina kona nyingi mpaka unapotea, na wala sio zote nazipenda, zingine naona wamejaza vitu mno.

Sasa mimi masikio yangu yamekulia kwenye dansi, kule tarumbeta na saksafoni zinasubiri, zinaingia pamoja, zinajibizana na gitaa, zinanyamaza mwimbaji aendelee. Nikadhani bendi kubwa ni hivyo hivyo dunia nzima. Halafu nikakutana na Fire! Orchestra ya Uswidi. Aisee. Kiongozi ni Mats Gustafsson, jamaa wa saksafoni ya baritoni, ile kubwa ya sauti nzito, ambaye haipulizi, anaigombeza. Kwenye Exit!, albamu yao ya 2013, wako zaidi ya 25, besi inarudia kitu kilekile kifupi, inarudia, inarudia, juu yake waimbaji wanaanza taratibu, mapulizo yanaongezeka kila mtu na lake, unafika mahali unasema basi, hizi sasa ni kelele, nazima, na hapo hapo unasikia ile besi bado iko chini imewashikilia wote. Sikuzima. Yaani watu wote wale kila mmoja anasema lake na bado ni wimbo mmoja. Mmoja wa waimbaji, Sofia Jernberg, kazaliwa Ethiopia, na mambo anayoifanyia sauti yake mengine hata huamini yanatoka kooni kwa binadamu.

Nikajiuliza nani anawalipa watu wote hao, maana kwetu bendi ya watu kumi tu mgao wa kiingilio ni ugomvi. Kwa wenzetu kuna mkono wa serikali na redio. Danish Radio Big Band, ya tangu 1964, iko chini ya redio ya taifa ya Denmark, na Thad Jones, mpiga tarumbeta wa Marekani mwenye jina lake, aliacha bendi yake New York akaenda kuiongoza mwishoni mwa miaka ya 70. Kaskazini kabisa mwa Uswidi ipo Norrbotten Big Band, hiyo inabebwa na mkoa. Trondheim Jazz Orchestra ya Norwe wao hata safu ya kudumu hawana, wachezaji wanabadilika kutokana na kazi iliyopo.

Ila aliyenikalisha ni John Tchicai. Kazaliwa Copenhagen 1936, mama Mdenmark, baba Mkongo. Saksafoni yake ilimpeleka New York miaka ya 60 mwanzoni, na 1965 yumo kwenye Ascension, albamu ya John Coltrane, gwiji wa saksafoni wa Marekani, ile ya watu 11 wanaolipuka pamoja, sikiliza ukiwa umeshiba. Akarudi Denmark akaunda kundi lake kubwa, Cadentia Nova Danica, wakarekodi albamu ya Afrodisiaca mwaka 1969. Yeye mwenyewe hapigi kwa papara, anatoa noti chache kavu, anaziacha, anazirudia zimepinda kidogo, wenzake wanavurugana pembeni yeye wala hana habari. Alifariki 2012. Na miaka yote hii nasoma habari za muziki wa Wakongo, ni Kinshasa, ni Brazzaville, ni magitaa, hakuna hata mtu mmoja aliyenitajia huyu!

Nikamtumia muziki wa Tchicai rafiki yangu anayepuliza saksafoni kwenye dansi, nikijua atachanganyikiwa kwa furaha. Kanijibu, "kaka, huyu anatafuta noti au kaipoteza?" Mpaka sasa tunabishana.