Mbona tunamwita Maria Mama wa Mungu

Jana niko soko la Kibuye nanunua omena, rozari iko mkononi, mama anayeniuzia akaniuliza, eti Mungu ana mama kweli? Sikukasirika, hilo swali ni la zamani sana. Mwaka 431 maaskofu walikutana Efeso juu ya hilo hilo, askofu Nestorius wa Konstantinopoli alitaka Maria aitwe tu Mama wa Kristo, askofu Cyril wa Alexandria akakataa kabisa, na mtaguso, yaani huo mkutano wa maaskofu, ukashikilia jina la Kigiriki Theotokos, yaani aliyemzaa Mungu.

Nikamwambia, wewe hapa sokoni sote tunakuita Mama Achieng, si ndio? Hakuna anayesema mama wa mwili wa Achieng, na roho yake hukuiumba wewe, lakini ulimzaa Achieng mwenyewe. Sasa Maria alimzaa Yesu na Yesu ni Mungu, basi. Si ati Maria alikuwepo kabla ya Mungu, hapana, hilo jina linasema kwanza Yesu ni nani. Hata Elizabeti alimwita mama wa Bwana wangu, soma Luka 1:43.

Akanyamaza, gorogoro bado iko hewani, akasema kumbe, halafu akaniongezea konzi moja.