Usimtazame Mfalme, Mtazame Mjakazi

Nikianza tamthilia mpya ya kale kutoka China, zile za mapaa ya vigae vya njano na mikono ya nguo inayofagia sakafu, sihangaiki kumjua mzuri ni nani. Namtafuta anayemimina chai. Yule msichana aliyeinamisha kichwa nyuma ya bibi yake, ambaye kamera humpitia kama fanicha, ndiye atakayeamua kama siri ya bibi itafika sehemu ya mwisho au itakufa kesho asubuhi. Mdogo wangu, ambaye hutazama ili ajue tu watabusiana lini, anasema nimegeuka mpelelezi. Na aseme.

Wahenga walishalimaliza hili: siri ya mtungi aijuaye kata.

Tuanze na The Double, ya mwaka 2024. Xue Fangfei anazikwa hai na mumewe mwenyewe, kisa kuna mwanamke wa ukoo wa kifalme anayemtaka huyo mume. Anajitoa kaburini, anaokolewa na Jiang Li, binti wa waziri mkuu aliyetupwa mbali na nyumbani tangu utotoni na kusahaulika huko. Jiang Li anafariki. Fangfei anavaa jina la marehemu kama vazi na kuingia nalo mji mkuu, nyumbani kwa waziri, kudai haki ya wote wawili.

Mitandaoni watu walizimia kwa Xiao Heng, yule bwana mkubwa mwenye kipepeo cha kujipepea mkononi na macho ya kukusoma hadi mifupani. Simlaumu mtu. Lakini mimi niliganda kwa Tong'er, mjakazi. Tong'er alikua na Jiang Li halisi, akaona njaa na fimbo pamoja naye, akamlilia alipokufa. Kisha anatakiwa kumwita mgeni kwa cheo kilekile alichomwitia marehemu, mbele ya baba wa marehemu, bila sauti kukatika. Na huyo baba, waziri mwenye akili ya kuendesha dola, anakaa meza moja na binti asiye wake na hatambui. Angetambuaje? Hakuwahi kumtazama yule wa kwanza.

Hapo ndipo ninapoacha kuzicheka tamthilia hizi. Wengi wanasema habari ya kubadilishana utambulisho ni uongo wa waandishi. Lakini zamani hapakuwa na picha. Ulikuwa nani kwa sababu fulani na fulani wapo wa kushuhudia kwamba ndiye wewe, na hao fulani, mara nyingi, walikuwa watu wa jikoni na wa chumbani.

Ninachokicheka bado ni mavazi. Msichana anafunga nywele juu, anavaa kanzu ya kiume, na jeshi zima linaamini ni kijana, ilhali ana wanja na rangi ya mdomo. Au shashi nyepesi puani, na mchumba wake wa miaka mingi hamjui! Inachekesha zaidi ukijua kwamba enzi ya Tang wanawake wa kasri kweli walivaa nguo za kiume, kanzu yenye kola, mkanda na buti, na wamechorwa hivyo kwenye kuta za makaburi ya wakati huo. Ila hawakuwa wakijificha. Ilikuwa fasheni, na kila mtu alijua ni wanawake.

Sasa njoo enzi ya Qing, ya mwisho ya wafalme wa China, ndiyo inayopendwa sana na watunzi wa fitina za kasri, uone jinsi kujificha kulivyokuwa kazi. Wasichana wa kuchaguliwa kuwa masuria walitoka katika familia za Bendera Nane, ule mfumo wa kijeshi wa Wamanchu, watawala wa enzi hiyo. Waliandikwa kwenye daftari za bendera zao, uchaguzi ulifanyika kila baada ya miaka mitatu, na msichana aliyestahili hakuruhusiwa kuolewa kabla hajapelekwa kuonwa. Wajakazi walichaguliwa kivyao, kila mwaka, kutoka familia zilizo chini ya idara ya nyumba ya mfalme. Na tangu mfalme Yongzheng, waliachiwa kurudi kwao wakifika miaka 25. Binti aliyeingia akiwa na miaka 13 alikuwa na miaka 12 ya kusimama nyuma ya mlango akisikia kila kitu.

Hesabu ya wajakazi iliwekwa kwa kanuni. Malkia 10. Suria wa daraja la fei 6. Guiren, daraja la chini zaidi, 4. Na daying, ambaye yuko chini kabisa hata jina lake mfalme analisahau, alipewa 2. Yaani hakuna mwanamke katika kasri lile aliyelala peke yake na siri yake. Hata aliye chini kuliko wote alikuwa na jozi mbili za macho chumbani. Ndiyo maana tamthilia ikinionyesha suria anasimulia mpango wa sumu kwa sauti ya kawaida, dirisha wazi, naizima.

Kisa kinachonikosesha usingizi hakijatoka kwenye tamthilia. Kimo katika historia rasmi ya enzi ya Ming, iliyokamilishwa mwaka 1739 chini ya Qing, na wapo wanahistoria wanaovitilia shaka baadhi ya vipande vyake. Mimi nakisimulia kilivyoandikwa.

Mfalme Chenghua alimpenda mwanamke mmoja kupita kiasi, Suria Wan, aliyemzidi miaka kama 17 na ambaye alimlea tangu akiwa mtoto. Wan alimzalia mwana mwaka 1466, mtoto akafa hata mwaka haujatimia. Tangu hapo, inasemekana, mwanamke yeyote wa kasri aliyeonekana na mimba hakuwa salama. Sasa kulikuwa na binti wa ukoo wa Ji, mateka wa vita kutoka Guangxi kusini, aliyejua kusoma na akapewa kazi ya kutunza ghala la hazina. Siku moja mfalme alipita ghalani, akamuuliza maswali, majibu yakampendeza. Matokeo yake ni mimba.

Wan akasikia. Akamtuma mjakazi aende na dawa ya kuitoa.

Huyu mjakazi ndiye ninayemtafuta katika kila tamthilia. Alienda, akarudi, akamwambia bibi yake kwamba yule hana mimba, ni ugonjwa wa tumbo kuvimba. Basi. Sentensi moja ya uongo mbele ya mwanamke aliyetisha kuliko wote kasrini, na jina la aliyeisema halikuandikwa popote katika masimulizi hayo.

Ji akahamishiwa jengo walikotupwa wagonjwa. Akajifungua mtoto wa kiume mwaka 1470. Towashi Zhang Min alipewa kazi ya kumzamisha majini, na akashindwa, kwa hoja ambayo kwangu ni ya mtumishi wa serikali hasa: mfalme hana mwana, huyu tunamtupaje? Wakamficha. Wakamlisha uji wa unga na asali. Malkia Wu, aliyevuliwa taji miaka ya nyuma baada ya kumchapa Wan, aliishi karibu na pale, naye akaingia kwenye njama kusaidia kumlea. Fikiria ilivyo: malkia aliyeporomoka, towashi, mateka wa vita na watumishi kadhaa, wote wanajua. Na mtoto analia kama watoto wote wanavyolia. Miaka inapita, hakuna anayesema.

Mwaka 1475 Zhang Min alikuwa akimchana mfalme nywele. Mfalme akajitazama kwenye kioo, akaguna kwamba uzee unakaribia na hana mwana. Towashi akaanguka kifudifudi: unaye. Mama alimvika mtoto kanzu nyekundu, akamwambia kwamba atakayemwona na vazi la njano na ndevu ndiye baba yake, na kwamba yeye mwenyewe sasa hatapona. Mtoto alifika na nywele zinazogusa sakafu, kwa kuwa hazijakatwa tangu azaliwe. Akamkimbilia mfalme.

Mama alikufa ghafla mwaka huohuo. Zhang Min alijiua kwa kumeza dhahabu. Mtoto akachukuliwa na bibi yake mzaa baba, na siku Suria Wan alipomwalika kula, bibi alimwonya asiguse kitu. Akaletewa chakula, akasema ameshiba. Akaletewa supu, akasema anaogopa ina sumu. Mtoto wa rika la kung'oka meno!

Sijaona mwandishi wa tamthilia aliyenipa mkutano wa baba na mwana unaoukaribia huo. Pengine angeuandika, mtayarishaji angesema umezidi chumvi.

Tukirudi kwenye mapenzi, maana mdogo wangu ameshaanza kulalamika. Mashabiki tunagombana sana kuhusu lini mpenzi ajue siri. Mimi nina msimamo na siuachi: ajue mapema, anyamaze. Ile ya kugundua katikati ya hadithi, kisha kununa sehemu nne kwamba "ulinidanganya", hunichosha. Mwanamke amezikwa hai, wewe unataka uombwe radhi? Xiao Heng anapendwa kwa sababu anaanza kumshuku mapema, anachunguza, anajua, kisha anachagua kusimama upande wake. Kipepeo kinapendezesha tu.

Kuna wakati kunyamaza huko hakuhusu hata uchumba. Katika Nirvana in Fire ya mwaka 2015, mwanamume aliyedhaniwa kafa vitani anarudi mji mkuu na sura nyingine na jina jingine. Rafiki yake wa damu, ambaye ni mwana wa mfalme, hamtambui. Mama wa huyo rafiki, Suria Jing, mwanamke mpole mwenye ujuzi wa dawa, anayasoma maandishi yake pembezoni mwa kitabu cha safari na anaanza kuelewa. Hamwiti. Haulizi. Anapika vitafunio na kumtuma mwanawe apeleke, na kwenye boksi la mgeni hakuna kile chenye aina ya njugu iliyokuwa ikimdhuru tangu utotoni. Mwanawe anabeba maboksi hayo bila kujua amebeba nini. Hiyo kwangu ni barua ya mapenzi kuliko mabusu yote ya chini ya maua ya pichi.

My Fair Princess, ile ya 1998 iliyowafundisha watu wengi duniani jina la mfalme Qianlong, ilichezea jambo hili kwa kicheko. Binti wa mtaani Xiaoyanzi anadhaniwa ni mwana wa mfalme, naye Ziwei, binti halisi, anaingia kasrini kama mjakazi wake. Baba anahudumiwa na damu yake bila habari. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni vichekesho. Nikiitazama sasa najiuliza ni mara ngapi mfalme aliinua macho kumtazama aliyemletea chai.

Na yule mtoto wa nywele ndefu? Alirithi kiti mwaka 1487, ndiye mfalme Hongzhi. Alikuwa na mke mmoja, Malkia Zhang, jambo ambalo kwa wafalme wa China ni kama halipo. Mdogo wangu alipolisikia hilo alikaa wima: kumbe historia nayo ina mapenzi! Nikamweleza kwamba baada ya kutawazwa, mfalme alituma watu Guangxi wamtafutie ndugu za mama yake. Wakapatikana, wakapewa vyeo na nyumba. Halafu ikagundulika ni matapeli, hawakuwa na undugu wowote na marehemu.

Akacheka hadi akakohoa. "Msimu wa pili huo," akasema, na akataka kujua nani atamcheza Malkia Zhang.