Kinga 2 ni nzuri au mbaya?

Jumamosi tumekaa kibarazani Nkuhungu tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila mmoja anaigiza mtu wake wa kubuni, dadu ziko mezani, zabibu kwenye sinia, ndo akaja jamaa mmoja mgeni na mtu wake kashamwandika kabisa nyumbani, toka kwenye fotokopi alizopewa na binamu yake, hazina kava wala kurasa za mwanzo. Tukamuuliza kinga yako ngapi, yaani namba inayoonyesha mtu wako ni mgumu kupigwa kiasi gani, akasema mbili. Watu walicheka mpaka basi, mbili? We si utauawa na panya! Mwenyewe anashangaa, mbona nimevaa chuma mwili mzima na ngao juu.

Nikamwambia hebu lete hizo karatasi. Kupekua kidogo nikakutana na THAC0, nikajua hizi ni sheria za edisheni ya pili, ya 1989. Enzi hizo kinga ilikuwa inashuka, hujavaa kitu una 10, kadri unavyovaa inapungua mpaka inaingia hasi huko, na THAC0 ndo namba unayotakiwa upate kwenye dadu ya pande 20 ili umpige mwenye kinga sifuri. Ya tatu ilipotoka 2000 wakageuza, ikawa inapanda. Kwa hiyo mbili yake ukiigeuza ni 18. Pale barazani hakuna aliyemfikia. Kimya.

Ni kama fundi wa Noah, kadi ya gari haimhusu, anaangalia taa anakwambia hii old model.

Majina ya edisheni sasa ndo vurugu tupu. 3.5 ya 2003 sawa, walioitengeneza waliiita hivyo wenyewe, ila Pathfinder ya 2009 ni ya kampuni nyingine kabisa na wachezaji wakaibatiza 3.75 kwa vile iliendeleza sheria zilezile. Boksi la mchezo la wanaoanza, la 1983, ni "boksi jekundu" tu. Halafu ukisikia mtu anasema "ya kwanza" usidhani ni mchezo wenyewe wa 1974, mara nyingi anamaanisha AD&D (Advanced Dungeons & Dragons), vitabu vilivyoanza kutoka 1977 (hapa nimeshabishana na watu sana). Na vitabu vya 2024 vilipotoka wenyewe walisema bado ni ya tano, watu wakasema haya, basi 5.5.

Jamaa tulimwandika upya, saa nzima imeenda. Kwa sheria zetu chuma na ngao vinampa 20. Kaiandika kwa peni nyekundu, kubwaaa, ila ile 2 kagoma kuifuta.